Sikuachia Jeneza

Nilipotumwa Temeke nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mashati meupe matatu na elimu ya kidato cha pili, tena hicho cha pili chenyewe niliondoka kabla ya mtihani. Kwetu ni Kenya, huko magharibi kwenye miwa. Kanisa lilitafuta vijana wa kwenda misheni nchi za nje, mie nikanyoosha mkono nikidhani nje ni kule kwenye theluji. Nikapewa Tanzania, miaka miwili.

Kazi ilikuwa nyumba kwa nyumba. Alfajiri nafua shati, saa tatu limeshaloa jasho. Watu wa Temeke hawakufukuzi. Wanakupa kigoda, wanakupa maji ya kunywa, wanakusikiliza mpaka mwisho, halafu wanakuuliza nyie Wakenya mnaongeaga hivyo siku zote au leo unaumwa. Mwaka ukaisha sijapata hata mtu mmoja. Mkuu wetu wa misheni kila akipiga simu anauliza habari za mavuno, namjibu mvua bado.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kizaramo, Mwislamu, mjane, anayepika vitumbua barazani kwake. Ng'ambo ya korido alilala mwanawe wa pekee, kuli wa Kurasini, mpakua magunia kwenye makontena. Mgongo kama mlango, na maneno mengi kunishinda mie niliyetumwa kuongea. Akitoka kazini anakuja chumbani kwangu tunakula ugali na dagaa.

"Braza, ugali huu hata ukiibiwa, mwizi anarudisha," ananiambia, huku anamalizia sahani.

Polepole akaanza kuniuliza maswali ya dini. Ningependa kusema sikumvuta. Nilimvuta kwa kamba zote nilizokuwa nazo. Nilimwambia asiyeingia kwenye maji hauoni ufalme, nikamsomea na mistari. Siku moja akasema basi, yuko tayari kubatizwa, ila mama asijue kwanza, atamwambia mwenyewe baadaye. Nikampigia mkuu simu nikipiga kelele kama nimeshinda bahati nasibu.

Kanisani kwetu tulibatizia nyuma, kwenye simtanki, tangi la plastiki la maji, lililokatwa katikati. Ikapangwa Jumapili. Jumamosi jioni jamaa akanipeleka kunywa supu ya pweza, akasema Mkenya hamalizi vikombe viwili. Nikanywa vitatu. Jumapili nzima nikashinda chooni. Yeye ndiye aliyekuwa ananiletea ndoo za maji, anagonga mlango wa bati.

"Mchungaji, naona leo unabatizwa wewe."

Nilimwambia kupitia mlangoni, tufanye Jumapili ijayo, nataka niwepo mwenyewe nimshike mkono. Akasema hana haraka.

Jumatano rundo la magunia ya mchele lilimporomokea. Wenzake walikuja kutoa habari wakiwa bado na vumbi usoni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Mama alikuwa anachota unga wa vitumbua. Alisimama na upawa mkononi, unga unamdondokea miguuni.

Kesho yake asubuhi turubai likafungwa nje, wanaume wakakaa kwenye mabenchi, maiti imeletwa, na mambo yakasimama. Kuli mmoja alikuwa amesema mbele za watu kwamba marehemu alimwambia anahamia kwa Wakristo. Shehe wa mtaa hakuwa mtu mbaya. Alisema tu hawezi kumwosha wala kumswalia mtu aliyetoka kwenye dini, hivyo ulizeni kwanza. Huku chumbani mkuu naye yuko kwenye simu, ananiambia jamaa alikwishaamini moyoni, ni wetu, niseme hivyo, yeye anatafuta gari na sanduku.

Mama akaingia akiwa amejitanda kanga. Nikamwamkia, nikakata simu.

"Mwanangu, sikulaumu," akasema. "Niambie kweli. Mlimbatiza?"

"Hapana, mama."

"Alikataa?"

Ningeweza kusema ndiyo, angefurahi. Ningeweza kusema alitaka sana, mkuu angefurahi. Kichwa changu cha kidato cha pili kikatoa kilichokuwepo.

"Tumbo liliniuma, mama. Nilikuwa naendesha."

Akafunika uso kwa kanga akasema Alhamdulillah, mara tatu, akatoka kwenda kumwambia shehe.

Wakamwosha, wakamvika sanda, wakamswalia. Jeneza lilipoinuliwa nikaingia nami bega. Nani angenifundisha? Kumbe kwao kila mtu anataka kubeba apate thawabu, kwa hiyo unashika hatua chache, unamwachia wa nyuma yako. Mie nilijua ukishika umeshika. Nikang'ang'ania. Mzee mmoja nyuma yangu akawa ananigonga mgongoni.

"Mgeni, achia. Na wenzio wanataka."

Mwingine akasema Mkenya anabeba utadhani anahamisha kabati. Watu wakacheka kidogo, pale pale msibani. Mie sikuachia. Niliona nikiachia nitakuwa nimemwahirisha tena. Mpaka makaburini bega limevimba, mzee yule kachoka, kasema mwacheni, ni rafiki yake.

Nilitupa udongo mara tatu kama wengine, nikarudi nyumbani, nikamweleza mkuu kwamba jina la jamaa alifute kwenye orodha ya mavuno. Akauliza kama najua jamaa amekwenda wapi sasa. Nilijua nilivyomfundisha. Nilimfundisha vizuri mno, na mistari. Vikombe vitatu vya supu vilimrudishia mama mwanawe, na kwa mahubiri yangu mwenyewe, vikombe hivyo hivyo vilimfungia mlango mwenzangu. Nimeligeuza jambo hili kila upande mpaka leo, na sijaona upande wa kulishikia.

Nilimaliza miezi iliyobaki bila kubatiza mtu. Ila ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi ya siku ya nne baada ya maziko. Mama aligonga mlango, ameshika bakuli la uji wa mchele, mwepesi, usio na sukari.

"Tumbo limepoa?" akaniuliza.

Nikamwambia limepoa, mama. Nikaunywa wote mbele yake, amesimama ananiangalia, hadi bakuli likaisha.