Sima Yangu na Ugali Wake

Kwetu Taita sima ilikuwa laini. Ukiimega inakubali, ukiichovya kwenye mchuzi wa nazi inaunywa mchuzi. Hivyo ndivyo nyanya aliyenilea alivyopika, na hivyo ndivyo nilivyompikia mume wangu mara ya kwanza tulipokaa kula tukiwa wawili tu, katika chumba tulichopanga mtaa wa Jericho, Nairobi, miaka ya tisini ikianza.

Yeye alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, kifungua mimba katika nyumba ya wavulana watupu. Alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni kule eneo la viwanda na alirudi nyumbani kwa miguu, jioni jua likiwa bado lipo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa. Kabla ya harusi nilikuwa nimemwona akila mara chache sana, mara nyingi chai na mandazi baada ya mazoezi ya kwaya, kwa hiyo sikujua lolote kuhusu tumbo lake.

Chumba chetu kilikuwa ndani ya nyumba ya mjane mmoja Mwislamu, mtu wa Pwani, aliyekuja Nairobi akiwa bibi harusi kumfuata mume aliyeajiriwa reli. Watoto wake walikuwa wameondoka wote, akabaki na vyumba viwili, kimoja akatupangisha sisi. Mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Jiko lilikuwa la pamoja, jembamba, lenye rafu moja ya saruji ukutani. Nusu ya rafu ilikuwa yake, na sufuria zake ziling'aa kiasi cha kunitia aibu. Nusu nyingine tuliweka stovu yetu ya mafuta taa, sufuria tatu na mwiko tuliotunzwa siku ya harusi.

Siku hiyo ya kwanza nilipika sima na kunde za nazi. Mume wangu alinawa, akaomba, akamega. Tonge likamnatia vidoleni. Akalitazama kidogo, akalila. Akala la pili na la tatu, kisha akaegemea kiti.

"Nimeshiba," akasema. "Asante sana."

"Umekula kidogo."

"Mchana kazini tulikula sana."

Nilimwamini. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Nikibadilisha mboga, anasifu mboga na kuacha sima. Jumapili nikipika wali alikula vizuri, lakini wali kwake haukuwa chakula hasa. Baada ya saa moja ningemwona anatafuta mkate. Jambo lililonitatiza ni kwamba hakukonda. Shati la harusi lilianza kumbana tumboni.

Shangazi yangu alikuwa ameniambia kwamba mwanamume akianza kukosa njaa nyumbani, ujue kuna mahali anashiba. Nilipoambiwa nilicheka. Sasa maneno hayo yalinirudia kila nilipokuwa nikisugua sufuria.

Bi Mkubwa naye aliona. Jioni moja alikuwa akichagua mchele mlangoni pa jiko, mimi nikikwangua sima iliyobaki.

"Mwanangu, mumeo mgonjwa?"

"Hapana, Bi Mkubwa."

"Mbona kila siku sima yamwagwa?"

"Ni mtu wa kula kidogo."

"Mwili ule?" akauliza, akaendelea na mchele wake.

Wakati huo nilikuwa nikishona sare za shule katika duka moja Kariobangi. Alhamisi moja stima ilipotea mchana, na ilipokuwa wazi kwamba hairudi, fundi mkuu akatuambia tufunge mashine twende nyumbani. Nilitembea polepole, nikaamua kupitia soko la Jericho ninunue nyanya.

Nyuma ya wauza mboga palikuwa na kibanda cha mabati, meza moja ndefu na mabenchi mawili, mahali mafundi na makuli walipokula. Nilikuwa nimeinama nikichagua nyanya niliposikia sauti ya mwanamke ikisema, "Shemeji, leo umekawia." Na sauti iliyomjibu ilikuwa ya mume wangu.

Alikaa akinipa ubavu, koti lake la kazini limekunjwa magotini. Mbele yake palikuwa na sahani ya matumbo na sukuma wiki, na ugali uliosimama, mweupe, mkavu, wenye kingo. Alikuwa akimega, akifinya tonge, akilitia shimo kwa dole gumba na kuchota mchuzi, bila haraka na bila kuinua kichwa. Sikuwahi kumwona akila hivyo. Mabega yake yalikuwa yamelegea kama ya mtu aliyefika kwao.

"Nikuongezee supu?" mwanamke aliuliza. Alikuwa mama wa makamo, aproni imemkaa vizuri tumboni, umri wa kutosha kumzaa.

"Ongeza tu kidogo."

Ningemkuta na msichana ningejua la kufanya. Nilimkuta na sahani. Nilisimama pale nimeshika nyanya mbili mpaka mwenye nyanya akaniuliza kama nazitaka au sizitaki.

Nilirudi nyumbani nikapika. Nilimimina karibu unga wote uliobaki, nikasonga sima ya watu watano. Alipoingia alinisalimia kama kawaida, akavua viatu, akanawa. Nikamwekea sahani mbele.

"Leo umepika nyingi," akasema.

"Nimeona unakonda."

Akaanza kula. Mimi nilikula yangu taratibu, macho kwenye sahani yangu. Akapita mahali alipozoea kuachia, nikadhani atasema ameshiba, lakini aliendelea. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akalegeza mshipi. Nadhani alishajua kuwa kuna jambo, na aliamua kulimaliza kwa kula. Alipobakiza kama matonge mawili, nikauliza:

"Supu ya pale sokoni ni tamu?"

Mkono wake ukasimama. Akarudisha tonge sahanini.

"Ulinionaje?"

"Nilipita kununua nyanya."

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Tulisikiliza majina mawili matatu ya watu tusiowajua.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wiki ya pili."

"Wiki ya pili baada ya harusi?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Si kila siku," akasema. "Jumamosi yule mama hafungui."

Siku nyingine ningecheka. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Mama aliniambia kabla ya harusi, mke mgeni usimkosoe chungu chake. Ukimkosoa mwaka wa kwanza, atakupikia kwa hofu maisha yote."

"Kwa hiyo ukaenda kukikosoa chungu changu mbele ya soko zima."

"Nilidhani nakutunza," akasema.

"Na mimi nilidhani una mwanamke."

Alishtuka kweli kweli. "Mwanamke? Mimi?" Akajaribu kuinuka anisogelee, akashindwa, akakaa tena ameshika tumbo. Baadaye ilibidi atoke akazunguke uwanja wa mpira mara mbili ndipo aweze kulala.

Siku ya Ijumaa hatukusemezana ila salamu. Nilipika sima ileile ya siku zote, kwa kiburi, naye akaila yote. Hakupitia sokoni, nililijua hilo kwa jinsi alivyofika mapema na kwa jinsi njaa ilivyomkalia usoni. Kumwona akijilazimisha kuliniuma kuliko kumwona pale kibandani. Usiku nilikuwa tayari kuomba msamaha, lakini sikujua niombe kwa kosa gani.

Jumamosi kiwandani walifanya kazi nusu siku. Alirudi na pakiti ya unga, na badala ya kuniwekea mezani akaingia nao jikoni. Bi Mkubwa alikuwa pale akikaanga vitunguu. Mwanamume jikoni, katika nyumba zile zilizobanana, lilikuwa jambo la kuzungumzwa mferejini wiki nzima, na madirisha yote yalitazamana.

"Nionyeshe unavyosonga," akaniambia.

Nikabandika maji, nikatia unga, nikakoroga. Ulipoanza kushikana nikanyoosha mkono kuzima moto.

"Unaepua?"

"Imeiva."

"Bado ina maji. Nipe mwiko."

Aliongeza unga kidogo, akauacha uchemke juu bila kuugusa, kisha akaanza kuukandamiza kwenye ukuta wa sufuria, akiugeuza na kuukandamiza tena, mpaka ukaacha kunata. Akaukusanya, akaufunika, akapunguza moto. "Sasa subiri harufu," akasema. Tulisubiri. Ikaja harufu ya mahindi yanayokaribia kuchomeka, harufu ambayo mimi nilifundishwa kuwa ni ya mpishi mzembe.

Nilimtazama Bi Mkubwa nikiogopa atakalosema. Alikuwa anageuza vitunguu vyake.

"Kwetu pilau la harusi hupikwa na wanaume," akasema bila kutuangalia, "na hapana anayewacheka. Wewe pika, baba."

Tulipokula, mume wangu aliniambia alijifunza akiwa mdogo, mama yake alipougua kwa miezi baada ya kujifungua kitinda mimba. Hapakuwa na msichana nyumbani. Mama alilala kwenye mkeka karibu na mafiga akimwelekeza kwa maneno, yeye akisonga. Hakuwa amewahi kumwambia mtu mjini. Nami nikamweleza jinsi nilivyosimama sokoni na zile nyanya mbili, na nilipokuwa nikieleza nikaanza kulia, halafu tukaanza kucheka sote.

Kujifunza kulinichukua miezi. Mara ugali ulikuwa na vidonge vya unga mbichi, mara ulikuwa mgumu hata yeye akaukubali kwa shida. Bega liliniuma mno, nikadhani ndivyo ugali wa watu wa magharibi ulivyo, lazima ukuumize. Alikuwa akinisahihisha sasa, waziwazi, na nilivumilia kuliko nilivyotarajia. Mimi nami nilimwambia kwamba mboga zake alizozileta siku moja, zile za kuteleza, zilinichefua, akacheka mpaka akapaliwa. Sima yangu sikuiacha. Tuliipika siku za samaki wa nazi, na akajifunza kuila kwa vidole vitatu.

Kisha ikaja barua kwamba mama mkwe anakuja kututembelea. Alifika na kuku jike hai, unga wa wimbi na mboga zilizokaushwa. Kwa mila yao hangeweza kulala chumba tulicholala mimi na mwanawe, kwa hiyo Bi Mkubwa akamkaribisha chumbani kwake, wakalala wajane wawili, mmoja akiamka alfajiri kuswali na mwingine akiamka kuimba wimbo wa kanisani chinichini. Kuku tulimpeleka kwa jirani Mwislamu amchinje, ili Bi Mkubwa naye ale nasi.

Mume wangu hakulikaribia jiko. "Mama akinikuta humo sijui nitasema nini," akaninong'oneza. Akakaa chumbani akijifanya anasoma gazeti la wiki iliyopita.

Kuku alipoiva nikabandika maji ya ugali. Mama mkwe akaja akaketi mlangoni pa jiko, kando ya Bi Mkubwa, akanitazama. Nilitia unga, nikausubiri uchemke, nikaanza kukandamiza.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni wa mkono wa kushoto?"

"Hapana, Mama."

"Mbona unasonga kwa kushoto?"

Niliutazama mkono wangu. Mwiko ulikuwa kwenye mkono wa kushoto, sufuria nimeishika kwa wa kulia. Nilikuwa nimesonga hivyo miezi yote, bila kujua, kwa sababu ndivyo nilivyoona ikifanywa. Mume wangu ndiye wa mkono wa kushoto.

"Mimi nimemwona tangu zamani," Bi Mkubwa akasema. "Nikadhani ndiyo mila yenu, nikanyamaza."

Mama mkwe alimwita mwanawe. Akaja, akasimama nje ya kizingiti.

"Ni wewe uliyemfundisha?"

"Ndiyo, Mama."

"Nilipokuwa nimelala pale chini ulinilisha wewe," akasema. "Nilidhani ukifika mjini utaona haya kusema unajua kusonga." Kisha akanigeukia mimi. "Shika kwa kulia, bega halitakuuma."

Nikahamisha mwiko. Ugali ukaanza kugeuka wenyewe, karibu bila nguvu. Nilisikia mume wangu akishusha pumzi nyuma yangu.

Tulikula wote wanne, na mama mkwe hakusema kama ugali ulikuwa mzuri. Aliongeza mara mbili. Kesho yake nikapika kunde za nazi, sima laini kando, nikijua sasa sina cha kuficha. Sima hakuisifu. Kunde alizila kimya, akaniuliza ni maziwa ya ng'ombe gani yale.

Ilibidi Bi Mkubwa atoe mbuzi yake ya kukunia nazi. Mama mkwe aliketi juu yake uani, akakuna, akaonja tui, akamuuliza Bi Mkubwa kama mumewe alikuwa mtu wa kula sana. Wakaanza kusimuliana waume zao, walivyopenda mchuzi, walivyonuna, walivyokufa. Mimi nilikuwa naosha mchele, sikuwaingilia.

Mama mkwe aliporudi kwao alibeba nazi tatu. Baada ya mwezi barua yake ikaja. Mbili alizipika, majirani walimuuliza mboga zina ugonjwa gani hata zinyweshwe maziwa, kisha wakazimaliza. Ya tatu aliipanda nyuma ya nyumba, akaimwagilia maji msimu mzima. Haikuota.