Siku Niliyojidai Ninasoma Kijapani

Laiti ningemkatalia Sanyu aliponiomba nisome mbele ya watu, leo nisingekuwa na aibu ya kuwasimulia, lakini nilikubali, na wa kulaumiwa ni mimi.

Sanyu ni mjukuu wangu, amezaliwa hapa hapa Stockholm, akasomea Kijapani chuo kikuu (msiniulize kwa nini, niliuliza nikanyamazishwa), na kila Jumamosi alikuja kwangu mtaa wa Husby kunifundisha lugha hiyo, kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya. Alikuwa ameomba kazi ya ualimu kwenye kozi ya Kijapani, na mkuu wa kozi alitaka kwanza aone somo moja. Njia yake Sanyu ilikuwa hadithi za watoto zilizochorwa kwenye kadi kubwa: anayejifunza lugha anawasomea watoto wa Kijapani wanaokulia hapa, picha upande wao, maneno upande wake nyuma ya kadi, na mtoto akiuliza, swali lake ndilo linalokuwa somo.

"Jjajja, utaweza kadi zote kumi na mbili?" aliniuliza (Jjajja ndiyo babu, kwa Kiganda).

"Wewe! Mimi nimesoma sekondari."

Kumbe nilikuwa nimekariri tu kwa kumsikiliza yeye. Herufi zenyewe niliziona kama mahali kuku amechakura. Kadi alinipa nikafanye mazoezi, nikazitandaza mezani, nikazikusanya nikikisia mpangilio kwa kutazama picha, maana hata namba alikuwa ameziandika kwa Kijapani, na kumpigia simu kumuuliza nikaona ni kujishusha.

Siku yenyewe nikasimama na suti yangu ya kanisani. Hadithi ni ya mbweha mdogo aliyefiwa na mama yake. Nikasimulia mazishi kwa sauti nzito, na picha niliyoinua ni ya mbweha wanacheza ngoma. Watoto wakaangua kicheko. Kasichana kamoja kakaniuliza kwa Kiswidi, "Mbona wanacheza, na mama amekufa?"

"Mtoto hamkatizi mzee!" nikafoka, kakaanza kulia.

Mkuu wa kozi, mama mpole, akasema, "Basi tusomee hiyo kadi moja tu."

Nikaigeuza, nikaitazama, nikaendelea kuitazama.

"Jjajja, huwezi kusoma?" Sanyu akaninong'oneza.

Hapo ningekiri, yakaisha. Badala yake nikajibu kwa Kiswidi, kwa sauti ya kufika mlangoni, mbele ya mwenye kutoa kazi: "Nitajuaje, na wewe hukunifundisha vizuri?"

Sanyu alizichukua kadi mkononi mwangu, akapiga magoti sakafuni kuzipanga upya, huku akimwomba radhi yule mtoto. Mimi hakunitazama.

Nilimwandikia yule mama barua nikakiri yote, lakini kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Sanyu bado ananipigia simu sikukuu zikifika. Anaongea nami Kiswidi, kwa adabu, kama mtu anavyoongea na mzee wa jirani. Jumamosi haji tena. Nilikuwa na mjukuu mmoja aliyependa kukaa nami, na nimempoteza kwa kuona haya kusema sijui.