Picha ya Mama Fua

Nimelelewa Lindi, mtaa wa Kibera, mahali ambapo mtoto hujifunza kuficha uso kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wageni walipita kwa makundi na kamera shingoni, wakapiga picha mtaro, wakapiga picha choo, wakampiga picha mtoto anayelia bila hata kuuliza analilia nini. Mama yangu aliwahi kumfukuza mmoja kwa mwiko wa ugali, kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye reli, nami nikimfuata nyuma nikipiga kelele, "Futa! Futa!" Kwa hivyo nilipokabidhiwa kamera ya kanisa likizo ile ya Agosti, nikiwa nimebakiza mwaka mmoja chuoni, nilijiambia kwamba mimi kamwe sitakuwa kama wao. Nilikuwa na kiburi, niseme tu ukweli.

Kamera ilikuwa ya vijana wa makanisa mawili, letu la Kibera na kanisa dada la Kawangware. Kule Kawangware ndiko nilikompata rafiki yangu, msichana wa sauti ya pili kwayani, mwenye kucheka kabla mzaha haujaisha. Likizo nzima tulikuwa kama chanda na pete. Asubuhi nilipandisha kutoka Lindi hadi Sarang'ombe, nikatokea Olympic, nikashika Ngong Road kwa miguu hadi Dagoretti Corner, kisha Kawangware kwao, kamera nimeificha ndani ya mfuko wa unga ili wezi wasiishuku. Shosho, bibi kizee mwenye ploti ya vyumba alikopanga rafiki yangu na mama yake, alikuwa akiketi langoni, na kila nilipoingia aliniuliza kama Kibera kumekwisha chai.

Chai ilikuwa kwa mama ya rafiki yangu. Alikuwa ametoka upande wa ziwani miaka mingi iliyopita, akamlea binti yake peke yake katika chumba kile kimoja, na kuanzia siku ya kwanza aliniita mwanangu. Hakunipa kikombe bila kuniuliza kama nimeomba asubuhi hiyo. Kanisani alikuwa kiongozi wa wahudumu wa mlangoni, wale wanaovaa mkanda begani na glavu nyeupe. Akikuonyesha kiti kwa mkono ule mweupe, hata kama ulikuja na makosa yako yote, ulikaa wima. Nilimpenda, na nilimwogopa kidogo.

Katikati ya mwezi tulienda misheni Kajiado, siku nne, tumejazana kwenye basi la kuazima tukiimba hadi sauti zikakauka. Mchungaji wa vijana alitupa sharti moja: hakuna picha bila ruhusa. Nililishika kama amri ya kumi na moja. Niliomba ruhusa kwa akina mama kisimani, niliomba kwa watoto na kwa wazazi wa watoto. Kuna mzee mmoja aliyenikalisha chini, akanipa maziwa, akaniuliza habari za ukoo wangu wote, halafu akakataa. Nilimshukuru, nikaondoka nikijiona mtakatifu.

Tuliporudi Nairobi, Ijumaa moja rafiki yangu alipoteza ufunguo wa nyumba. Ikabidi tumfuate mama yake kazini, kwenye nyumba za ghorofa upande wa Lavington. Nilijua anafanya kazi huko. Kazi gani, hakuna aliyewahi kuniambia, nami sikuwa nimeuliza. Rafiki yangu akaenda kumtafuta mlinzi, mimi nikabaki kwenye lango la nyuma. Ndipo nikamwona. Alikuwa ameinama juu ya beseni, povu hadi kwenye viwiko, na nyuma yake mashuka ya watu yameanikwa kamba tatu nzima. Jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi za baridi. Mikono yake ilikuwa imepasuka na kufanya weupe kwenye vifundo vya vidole. Nikatoa kamera, nikapiga moja, nikairudisha mfukoni. Kisha nikamwamkia kama vile sijafanya lolote.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Jumapili ya maonyesho yetu ya picha za likizo kule Kawangware niliibandika katikati ya ukuta, na chini yake nikaandika kwa kalamu nene: MAMA FUA. Wallahi nilidhani namheshimu.

Watu walipotoka ibadani wakazunguka ukuta. Nikasikia mtu akisema, "Kumbe!" Mama mmoja wa kwaya, bila ubaya wowote, akamgeukia mama ya rafiki yangu, aliyekuwa bado na glavu zake. "Aki si ungesema! Mimi niko na nguo za wiki mbili. Utakuja Alhamisi?" Wengine wakacheka. Yeye akatabasamu, akaendelea kuwaaga watu mlangoni mpaka wa mwisho, kisha akavua mkanda, akaukunja, akauacha juu ya meza ya Biblia.

Jumapili iliyofuata hakuja. Rafiki yangu hakujibu simu zangu, ila alinitumia neno moja kwenye simu: "Ulituuza." Nilikaa kitandani Lindi nikalisoma mara nyingi. Watu wa Kajiado nisiowajua niliwaomba ruhusa mpaka wakachoka. Mwanamke aliyeninywesha chai likizo nzima nilimwibia langoni. Nililia, tena kwa hasira, maana hakukuwa na mtu wa kumlaumu ila mimi.

Nikaenda. Shosho wa langoni hakunitania siku hiyo. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli, rafiki yangu kitandani akitazama ukuta.

"Auntie, nimekuja kuomba msamaha," nikasema, nikampa picha. "Nimeitoa. Na ile ya kwenye kamera nimefuta."

Hakuipokea. "Kwenu Kibera, ushuhuda hutolewa na nani?"

Sikuelewa. "Na mwenyewe, Auntie."

"Ushawahi ona mtu anasimama mbele anasema, 'Bwana asifiwe, huyu jirani yangu Mungu alimtoa hivi na hivi,' na jirani amekaa tu hapo?"

"Hapana."

"Sasa wewe ulinitolea ushuhuda wangu. Miaka kumi na moja nimeungoja. Nilikuwa nimesema siku huyu ataitwa chuo, nitasimama niseme Mungu alimsomesha na hii mikono. Mimi niseme. Si wewe na kalamu yako."

Rafiki yangu akaanza kulia. Mama akaniuliza kama najua kufua.

"Najua, Auntie."

"Tutaona. Alhamisi saa moja, pale Lavington, usichelewe. Na hiyo kamera ibaki kwenu."

Alhamisi nilifika mapema. Alinipa beseni la jeans na taulo. Kufikia saa nne vidole vilikuwa vinaniwaka na mgongo umekataa kunyooka. Alinicheka bila huruma. "Unasugua ama unabembeleza?" Alinifundisha kukamua shuka kwa watu wawili, kila mmoja akisokota upande wake, na tulipokuwa tumeshikilia shuka hilo, maji yakitutiririkia miguuni, akasema, "Nimekusamehe. Sokota." Rafiki yangu alikuja mchana na chapati mbili, akamega moja, akanipa nusu bila kuniangalia. Ilinitosha.

Jumapili ya mwisho ya likizo nilikaa benchi la nyuma kabisa Kawangware, kamera mapajani, kifuniko hakijafunguliwa. Nilikuwa nimeombwa nirekodi kwaya tu. Wakati wa shuhuda mama akainuka. Akapita mbele na gauni lake la kitenge, akashika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe. Na tena, Bwana asifiwe. Mlisikia mimi ni mama fua. Mlisikia kwa picha. Leo sikieni kwangu."

Akaeleza yote: nyumba alizofukuzwa, baridi ya alfajiri, siku binti yake aliposhinda na njaa akisubiri arudi, na barua ya chuo iliyokuwa imefika wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyecheka. Yule mama wa kwaya alikuwa akijipangusa macho kwa ncha ya leso. Mikono ilipopaa, yake mitupu ikiwa juu kuliko yote, vidole vyangu vilitaka kamera, nami nikavikalia.

Akawa anatafuta mtu kwa macho, safu baada ya safu, mpaka akanifikia.

"Wewe mwanangu wa kamera," akasema kwenye kipaza sauti, kanisa zima likageuka. "Mbona hupigi?"