Kilo Zangu na Sakafu ya Zahanati

Juzi niliomba lifti kwenye lori la saruji lililokuwa likitoka Gerezani kwenda Rufiji. Nikapewa kiti cha mbele, maana mtu kama mimi hapandishwi juu ya mzigo. Tulipofika kwenye mizani ya kutokea mjini, mshale ukapita mstari kidogo. Karani akagonga kioo kwa kalamu.

"Ndugu dereva, umezidisha. Shusha mifuko miwili."

Mama aliyetumwa na kijiji kuifuata saruji hiyo, aliyekaa kati yetu, akashika kichwa. "Mwanangu, hiyo ni sakafu ya zahanati yetu! Ukishusha, wenzangu watajifungulia vumbini."

"Shikamoo mama, lakini mizani haina shangazi." Kisha karani akalitazama tumbo langu taratibu, kutoka kifungo cha juu hadi cha chini. "Na huyu naye ni saruji?"

Nikashuka, shingo juu kama mgeni rasmi. Mshale ukarudi kwenye mstari, ukatulia.

"Haya, nendeni!"

Mama akanipungia khanga mpaka lori likapotea.

Nilirudi Kariakoo kwa miguu. Wenzangu hujenga taifa kwa majembe na jasho. Mimi nimelijenga kwa kushuka garini tu, na nani mwingine mjini humu anaweza kusema hivyo?