Mzinga wa Baba na Karatasi za Mwingi

Harufu inayonirudisha Nuu, kijijini kwetu Ukambani, ni ya nta kuukuu iliyochanganyika na moshi. Si harufu ya asali. Asali ni ya wageni. Nta hunata kwenye kifuniko cha mzinga, hukauka na kuwa nyeusi, na ikipigwa na jua hutoa harufu ya majani makavu, ya jasho, na ya kitu kitamu kilichokwisha kuliwa. Nilipokuwa msichana wa miaka kama tisa, katika kiangazi kimoja kirefu muda mfupi baada ya uhuru, nilipanda lori la mbuzi kutoka Nuu hadi mji wa Mwingi, penye ofisi za serikali, nikiwa nimekipakata kifuniko cha namna hiyo, na harufu yake ikaishinda hata ile ya mbuzi. Mjukuu wangu anayeniandikia maneno haya amefika chuo kikuu. Mimi sikusoma. Shule ilikuwepo, lakini mbuzi walikuwepo pia. Basi atayaandika ninavyoyasema, bila kuyapamba.

Baba yangu alikuwa Mnyasa. Alizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, akachukuliwa jeshini wakati wa vita vya Wazungu, akapelekwa Burma, na huko akalala katika handaki moja na Mkamba aliyeitwa Kilonzo. Vita vilipokwisha, Kilonzo alimwambia, "Kwenu ni mbali. Twende kwanza kwetu upumzike." Alipumzika miaka arobaini. Alikuwa mwashi, na Nuu ilikuwa na mawe tele bila mtu wa kuyapanga. Kuta za kanisa letu alizisimamisha yeye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alipewa jembe, na baada ya mavuno kadhaa akapewa kikubwa zaidi. Mama yake Kilonzo, aliyekuwa amefiwa na mwana, alimpa jina la mwana huyo: Musyoka, yaani aliyerudi. Wazee walichinja mbuzi, wakala naye, na Kilonzo akamchongea mzinga wenye alama ya ukoo wao kwenye kifuniko, mikato mitatu na duara. Kwetu alama hiyo si pambo. Mzinga huachwa porini mwaka mzima bila mlinzi, kwa sababu kila apitaye huitazama alama na kujua ni wa watu gani. Baada ya hapo ndipo Baba alipoweza kumposa mama yangu, aliyekuwa wa ukoo mwingine. Na sisi watoto tukamwita Kilonzo Baba Mkubwa, bila kujua kwamba kuna namna nyingine ya kuwa ndugu.

Kisha serikali mpya ikataka kujua nani ni mwananchi na nani ni mgeni. Siilaumu; hata mchungaji huhesabu mbuzi wake anapohamia boma jipya. Baba alikwenda Mwingi kuomba karatasi ya kukaa daima. Mara ya kwanza aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa, na alikozaliwa yeye umri wa watoto ulikumbukwa kwa mafuriko. Mara ya pili aliambiwa alete hati ya kuingia nchini. Aliingia na bunduki ya mfalme begani, na hati pekee aliyokuwa nayo ni kitabu cha jeshi, ambacho mchwa wa Nuu walikuwa wamekila hadi yakabaki majalada mawili. Mara ya tatu karani alimwambia, lete barua ya chifu, lete shahidi, lete na mtoto mmoja tuone kama kweli una watu hapa. Asiye na karatasi ataambiwa arudi kwao. Baba alitusimulia hayo akiwa na bakuli la muthokoi mapajani, na mahindi yale yakapoa bila kuguswa. Mama akauliza, "Kwao ni wapi, kama si hapa?" Mimi swali langu lilikuwa jingine, nikalimeza: karatasi inajua nini ambacho Mama hajui?

Ndipo Baba Mkubwa alipofanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Barua ya chifu aliipata, lakini hakuiamini. Aliposikia kwamba serikali inataka ushahidi, aliupanda mgunga, akaushusha mzinga wa Baba kwa kamba, akaufukiza moshi na kuung'oa kifuniko. Hicho ndicho nilichokipakata kwenye lori. Mama alikuwa ameniambia, "Jibu unachoulizwa, usiongeze." Baba Mkubwa aliniinamia kati ya pembe za mbuzi akaniambia, "Ukiulizwa baba yako ni wa wapi, ni wa Nuu." Baba hakuniambia neno.

Ofisi ilinuka wino na vumbi lililomwagiwa maji. Karani alikitazama kifuniko akacheka. "Mzee, hiki ni kiti au ni sinia?"

"Ni barua," alijibu Baba Mkubwa. "Isome."

"Mimi sijui kusoma mbao."

"Basi tuko sawa, maana mimi sijui kusoma karatasi. Lakini yangu mchwa hawaili. Ina nta."

Afisa mwenyewe alikuwa mtu wa mbali, mtaratibu, mwenye macho yaliyochoka. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo liandikwe. Alikipokea kifuniko kwa mikono miwili, akakigeuza, akakinusa. Akamuuliza Baba Mkubwa, "Huyu ni nani wako?"

"Ndugu yangu."

"Mama mmoja?"

"Mama mmoja. Ndiye aliyempa jina."

Afisa akaiweka kalamu mezani. "Sasa mnajisumbua nini, wazee? Kama ni ndugu yako, alizaliwa Nuu. Niandike hivyo, tumalize leo."

"Andika," alisema Baba Mkubwa.

Baba aliitazama mikono yake. Afisa, akitaka kuwa na hakika, akanigeukia mimi. "Wewe bado hujajifunza kudanganya. Baba yako alizaliwa wapi?"

Nililijua jibu la Baba Mkubwa. Lakini nilikuwa nimesimuliwa mara nyingi juu ya mahali ambapo mtu husimama akatazama maji na asione mwisho wake, nami, niliyefukua mchanga wa mto kwa kibuyu kupata maji ya kunywa, nilikuwa nimeduwaa kwa jambo hilo kuliko kwa jingine lolote duniani. Nikasema, "Penye maji yasiyo na ng'ambo."

Karani aliangua kicheko. Afisa hakucheka. "Mzee?"

"Mtoto amesema kweli," alisema Baba. "Mama aliyenizaa amelala kule. Nikisema nilizaliwa Nuu, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Na mama aliyekupa jina, Musyoka?" aliuliza Baba Mkubwa, taratibu sana. "Yeye tumwandike wapi?"

Baadaye Baba alinieleza kwamba fomu ile ilikuwa na mstari mmoja tu wa mama. Afisa aliandika kilichosemwa, akayatuma maombi Nairobi, na Baba akapewa kibali cha mwaka mmoja.

Katika safari ya kurudi Baba Mkubwa alikaa upande wa pili wa lori, na safari hii kifuniko alikibeba mwenyewe. Nililia. Baba akaniambia, "Nyamaza. Umeniachia mama yangu." Ni kweli, mwacha asili ni mtumwa, lakini niliona wazi kwamba nilipomwachia mama mmoja huenda nilimnyang'anya wa pili. Kwa siku nyingi Baba Mkubwa hakukanyaga kwetu. Mzinga ulilala chini ya mgunga, mdomo wazi, siafu wakiingia na kutoka, nami niliupitia kila siku na mbuzi wangu nikijiuliza kama alama yetu imekwisha kufutwa kwa kisu.

Asubuhi moja alinikuta malishoni. Kifuniko kilikuwa kwapani, kisu kiunoni.

"Wewe msema kweli," aliniita. "Yale maji yakoje?"

"Sijayaona, Baba Mkubwa."

"Najua hujayaona. Baba yako anasemaje?"

"Anasema hayatulii."

"Yachore."

Nikachora mchangani kwa kidole mstari unaopanda na kushuka. Aliutazama kwa muda mrefu, kama atazamaye mbuzi anayeuzwa, kisha akaketi juu ya jiwe na kuuchonga chini ya lile duara. "Haya," alisema, akipuliza unga wa mti. "Apitaye ajue ni wetu, na ajue alikotoka." Jioni hiyo waliupandisha mzinga pamoja. Baba aliupapasa ule mstari, akakohoa, akasema kamba ivutwe.

Karatasi ya Nairobi haikurudi. Kila mwaka Baba alikwenda Mwingi kuomba mwaka mwingine katika nchi ambayo kuta zake alikuwa akizijenga, na tulipomzika kando ya mama aliyempa jina, kibali chake kilikuwa kimebakiwa na miezi minne. Mwaka jana mimi mwenyewe nilikwenda ofisini kubadilisha kitambulisho. Siku hizi hakuna kitabu cha kuliwa na mchwa. Unaweka kidole juu ya kioo. Niliweka kimoja, nikaweka vyote kumi. Msichana wa pale akaniita bibi kwa Kikamba, akasema kwa adabu, "Susu, mashine haikutambui." Miaka sitini ya jembe na kamba imezifuta alama za vidole vyangu. Nilimuuliza mashine humtambua nani, kwa maana nilitaka kujua kweli. Akaniambia nijipake mafuta nirudi Jumatatu. Mjukuu wangu alikasirika. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba afisa wa zamani angalau alikinusa kile kifuniko.

Mzinga ulioza zamani, lakini kifuniko kipo juu ya mlango wangu, na mchwa hawajakigusa. Bado sijui kama nilijibu vyema siku ile. Wanaosema nilijibu vyema hawajawahi kuomba mwaka mmoja mmoja. Lakini mimi hukishusha kifuniko mara kwa mara nikakianika juani hadi harufu itoke, kisha nikapitisha kidole: mikato mitatu, duara, halafu maji. Nayafikia bila kutazama, kwa kidole kilekile ambacho mashine haikukiona.