Kitambaa Cheupe cha Nyumba ya Mwisho

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, mfuniko wa birika unaanza kucheza jikoni. Nyumba nzima haina sauti nyingine. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu anaketi kwenye kigoda na kuingiza miguu ndani ya mabuti yake ya mpira. Yana joto.

"Ni huyo," anasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Kila siku anayaweka karibu na jiko kabla hajalala. Hajawahi kuniambia. Anadhani sijui."

Mumewe, seremala mstaafu, anamimina chai kwenye chupa. "Miguu yako ikipata baridi, kelele nazisikia mimi," anajibu.

Watu wa nyanda hizi za juu wanamwita Mama Buti. Ni mhudumu wa afya. Kwa miaka kumi na tisa amezungukia nyumba kumi na moja zilizotawanyika huko juu, ambako miti imekoma na kumebaki nyasi, mawe na upepo. Wakazi wote ni ishirini na tisa. Ukungu ukishuka, hata kondoo hupotea njia.

Kwa sababu ya umbali huo, wakazi walijiwekea utaratibu wao. Kila nyumba ina mti mrefu uliosimikwa uani. Kitambaa chekundu kikitundikwa, kuna mgonjwa, njoo. Cheupe, tu wazima, pita zako. Mama Buti alikuwa akitazama kutoka kilimani, akiona cheupe anageuza, na nusu siku inaokoka.

Ndivyo alivyofanya mwaka jana, baridi ilipoanza. Aliona cheupe kwenye nyumba ya mwisho, anakoishi peke yake mfuga kondoo wa miaka themanini na mmoja aliyefiwa na mkewe. Akageuza.

"Kumbe alikuwa chini sakafuni tangu juzi yake," anasema taratibu, akikaza mkanda wa begi. "Kitambaa alikitundika akiwa mzima. Mtu aliyevunjika mguu ataamkaje akakibadilishe? Miaka yote ile hatukuliwaza hilo, hata mimi."

Aliyemwokoa mzee ni mama mmoja wa nyumba ya kumi. Aliwaona kondoo wa mzee wakizurura bila mtu, akatembea kwa saa tatu na mtoto mgongoni kwenda kumtazama. Mguu ulipona, ingawa mzee anachechemea.

Kisha ukaja uamuzi wa zahanati. Msimamizi alimwambia Mama Buti kwamba nyumba ile itaondolewa kwenye ratiba. Iko mbali mno, ina mtu mmoja, na wahudumu wa eneo zima ni wawili tu. Afadhali mzee ahamie mjini kwa binti yake.

"Simlaumu," anasema Mama Buti. "Alipokuwa ananiambia alishindwa kunitazama usoni. Koti hili la mvua ni lake, alinipa siku hiyohiyo."

Aliomba jambo moja: nyumba kumi azimalize kwa siku mbili badala ya tatu, siku ya tatu iwe ya mzee. Akapewa miezi mitatu ya kujaribu. Ndiyo maana birika linachemka mapema. Hadi leo, siku ya mwisho ya majaribio, daftari lake halina nyumba iliyorukwa.

Saa tano anafika kilimani. Ukungu unafunguka kidogo. Bondeni, kitambaa ni cheupe. Anafuta pua kwa kiganja, anaanza kushuka.

Ndani, vikombe viwili viko mezani tayari.

"Hukuona cheupe?" mzee anauliza.

"Nimekiona, baba."

"Sasa umefuata nini?"

"Chai."

Mzee anacheka mpaka anakohoa. Mama Buti anampima presha, anahesabu vidonge vilivyobaki, kisha anapiga magoti na kumkata kucha za miguu, maana mzee hawezi kuinama.

"Binti yangu ana nyumba nzuri," mzee anasema. "Lakini nikifungua mlango kule naona ukuta wa jirani. Hapa namwona mama yake, pale alipolala."

Kesho Mama Buti atapeleka daftari kwa msimamizi, na pendekezo lake lingine: kila nyumba ishushe kitambaa jioni na kukitundika upya asubuhi, na jirani wa ng'ambo ya bonde awe anatazama. Nyumba nne zimeshaanza.

"Kitambaa kiseme habari za leo," anasema, "sio za juzi."

Anafunga begi. Mzee anamsindikiza hadi kwenye mti wa uani, mkono mmoja kwenye fimbo.

"Wiki ijayo uje, mwanangu. Ukiona chekundu, njoo. Ukiona cheupe, njoo vilevile."