Mzigo Uko Chini ya Kitanda

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa neno moja, na nililitafsiri kwa usahihi kabisa. Mzigo.

Sikusoma chuo. Takwimu nilijifunza kwenye simu, chumbani kwangu Ipagala, na labda ndiyo maana naogopa kukosea kuliko wenye vyeti. Watafiti waliponipa dodoso lao la Kiingereza, la kupima mzigo wa ndugu wanaouguza watoto wenye maradhi sugu hospitalini, nililitafsiri mara kumi na moja. Siku moja nilichapisha upya kurasa zote kwa sababu kisanduku kimoja kilikuwa kimekaa upande. Chini kabisa niliongeza sheria yangu mwenyewe: jibu likishaandikwa halibadilishwi. Niliipenda sana sheria hiyo.

Majibu yalijumlishwa kuwa alama, na alama hizo zilikuwa na kazi. Hospitali ilikuwa na nyumba ya kulala ndugu, vitanda vichache tu, na wenye alama za juu ndio wangepewa.

Mama mmoja wa Kigogo, kutoka kijiji cha upande wa Mtera, alikihitaji kitanda kuliko wote. Binti yake wa miaka kumi alikuwa na ugonjwa wa figo. Mama alikuwa akilala sakafuni, kwenye mkeka, hadi miguu yake ikavimba kama ya binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Kijana wa makaratasi kafika," mama wa kitanda cha jirani akasema. "Leo anatuuzia nini?"

Nikasoma swali la kwanza kama lilivyoandikwa: mzigo wako ni mkubwa kiasi gani?

Mama akainama, akatazama. "Si mkubwa. Uko chini ya kitanda. Ndoo, mfuko na sufuria."

Wodi nzima ikacheka. "Mwandikie na kijiko!" jirani akapaza sauti. Mimi sikucheka. Niliona swali langu linaharibika mbele ya watu, nikaona haya, nikataka kulinyoosha.

"Hapana, mama. Namaanisha mtoto. Mtoto ni mzigo?"

Kicheko kikakatika. Binti alikuwa macho, ananitazama.

"Anasikia," mama akasema polepole. "Andika hapana."

"Unakosa usingizi kwa sababu yake?"

"Hapana."

"Mwili unachoka?"

"Andika hapana, mwanangu. Zote."

Miguu yake ilikuwa mbele yangu. Nikaweka alama kwenye visanduku vyote vya hapana, kwa mstari ulionyooka. Jumla ilikuwa sifuri, na nakiri kwamba nilifurahia usafi wa ukurasa ule.

Vitanda vilipogawanywa, hakupata. Nilimfuata muuguzi mkuu wa wodi, nikamwambia yale majibu si ya kweli. Akafungua fomu, akaweka kidole chini kabisa.

"Hii umeandika wewe, au mimi?"

Nikaisoma sheria yangu, nikaichukua fomu, nikaondoka.

Siku chache baadaye wauguzi waligundua kwamba binti alikuwa ameacha kusema anapoumwa. Alikuwa anajizuia hata haja ndogo ili mama yake asiinuke kumsaidia. Nilipopita na makaratasi yangu, mama aliniita. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kwetu mtoto huyu aliitwa majina mengi, hata ya utani," alisema. "Hilo lako hakuwa nalo. Sasa kila nikimgusa ananiambia, mama, niache, mimi ni mzigo."

Nikasema, samahani, mama. Akaniuliza kama hiyo nayo naiandika.

Wiki iliyofuata alianguka kwenye korido akiwa ameshika ndoo. Alipopata nguvu, shemeji yake alikuja kuwachukua wote wawili, matibabu yakiwa hayajaisha. Hakuniaga. Kitanda cha binti kilikuwa kimebaki na mkunjo wa shuka, nami bila kufikiri nikaunyoosha.

Fomu yake ninayo bado. Ndiyo safi kuliko zote.

Sasa neno mzigo halimo kwenye dodoso, na ile sheria yangu nimeifuta. Kila mama namwuliza nje, kwenye benchi, mbali na mtoto: umelala wapi, umekula nini, nani anakupokea zamu. Akisema hapana na miguu imevimba, naandika hapana, na miguu naiandika pia. Yule mama na binti yake hawajarudi.